Taarifa za kifurushi zisomwe, zisiendeshwe

Kwa miaka mingi Python, lugha ya programu, ilikuwa na swali dogo ambalo haikuweza kulijibu bila kuendesha msimbo wa mtu usiyemjua: kifurushi hiki (msimbo uliofungwa ili wengine wausakinishe) kinahitaji nini? Jibu lilikaa ndani ya setup.py, faili la kujengea kifurushi, na setup.py ni programu kamili. Ili pip, kisakinishi cha vifurushi vya Python, ijue kwamba maktaba fulani inataka maktaba nyingine kama requests au numpy, ilibidi ishushe chanzo chote, ikifungue, iendeshe setup.py, halafu isubiri kuona itaambiwa nini. Ukitaka kujua mfuko wa unga una kilo ngapi unasoma mfuko. Hapa ilibidi usonge ugali kwanza.

Ndiyo maana nimekuwa upande wa pyproject.toml, faili la taarifa za mradi linaloandikwa kwa TOML (muundo wa kuandika mipangilio), tangu mapema, na naona ajabu bado kuna mafunzo mapya mtandaoni yanayoanza na "fungua faili jipya, liite setup.py". Jina la kifurushi, toleo, leseni, matoleo ya Python yanayokubalika, vitegemezi (vifurushi vingine kinavyovihitaji): hizo zote ni taarifa. Taarifa huandikwa zikasomwa na yeyote, hata asiyetaka kuendesha chochote.

Tazama makosa matatu ambayo kila aliyeshughulika na setup.py amekutana nayo. La kwanza ni kufungua README.md, faili la maelezo ya mradi, kwa open() bila kutaja usimbaji wa herufi (encoding). Kwenye Linux inapita vizuri. Kwenye Windows faili linasomwa kwa usimbaji wa mashine, kuna emoji moja au herufi isiyo ya kawaida, na usakinishaji unaweza kufa kwa UnicodeDecodeError kabla hata kazi haijaanza. La pili ni kuagiza (import) kifurushi chenyewe ili kupata nambari ya toleo lake: kifurushi kinaagiza vitegemezi vyake, vitegemezi havijasakinishwa, basi umekwama. La tatu ni la masharti, hapa kuongeza maktaba ya tomli kwenye vitegemezi kama Python iko chini ya 3.11:

if sys.version_info < (3, 11):
    install_requires.append("tomli")

Mistari hii inaonekana haina dhambi. Lakini jibu lake linategemea mashine iliyojenga kifurushi, wala si mashine itakayokitumia. Ukijenga wheel (kifurushi kilicho tayari kusakinishwa) kwenye Python 3.12 ukaipeleka PyPI, hifadhi kuu ya vifurushi vya Python, mwenye 3.9 ataipokea bila tomli, na programu itaanguka mikononi mwake. Katika pyproject.toml sharti lilelile linaandikwa hivi:

dependencies = ["tomli>=2; python_version < '3.11'"]

Sharti limekuwa sehemu ya taarifa. Linasafiri na kifurushi, na linaamuliwa kule kinakosakinishwa. Kwangu mstari huo mmoja unatosha kumaliza ubishi.

Haya hayakuja kwa siku moja. Distutils, kifaa cha kujengea vifurushi, iliingia kwenye Python mwaka 2000, setuptools ya kazi hiyohiyo ikafuata 2004, na zote zilijengwa juu ya wazo kwamba mwandishi wa kifurushi ataandika programu ya kukijenga. Mwaka 2016 ndipo mambo yalipoanza kugeuka: setuptools ikakubali taarifa ziwekwe kwenye setup.cfg, faili la mipangilio, na mwaka huohuo PEP 518 (PEP ni hati ya pendekezo la kuboresha Python) ikaleta pyproject.toml ili mradi uweze kusema unahitaji vifaa gani kabla ya kujengwa. PEP 621 ya mwaka 2020 ikaweka jedwali la [project] ambalo vifaa vyote vinalielewa kwa namna moja, na setuptools ikaanza kulisoma kwenye toleo la 61, Machi 2022. Python 3.12 ilipotoka Oktoba 2023, distutils haikuwemo tena.

Jambo lisilosemwa sana ni bando. Pip ya sasa inapotafuta matoleo yanayopatana, hujaribu moja, ikikwama hurudi nyuma ikajaribu jingine, na kila jaribio lilikuwa na maana ya kushusha kifurushi kizima ili tu kujua kinataka nini. Tangu 2023 PyPI hutoa taarifa za wheel kama faili dogo la pembeni, na pip husoma hilo kwanza. Anayefanya kazi kwenye ofisi yenye nyuzi za mwanga hataona tofauti. Anayetumia hotspot ya simu na bando la siku ataiona vizuri sana.

Kuna wanaosema setup.py ilikuwa na uhuru zaidi. Kweli ilikuwa nao, na ni uhuru uleule waliotumia watu wabaya kupandikiza msimbo unaojiendesha mtu anapoandika pip install tu, kwa sababu amekosea herufi moja kwenye jina. Hapa lazima tuwe wakweli: pyproject.toml peke yake haizuii hilo. Ukisakinisha kutoka chanzo, kifaa cha ujenzi bado kinaendeshwa, na setup.py ikiwepo setuptools itaiendesha. Kinachokulinda wakati wa kusakinisha ni wheel, ambayo inafunguliwa tu, na hata hiyo haikulindi siku utakapoagiza maktaba yenyewe.

Mimi nisichokipenda ni TOML pale inapokutega kimyakimya. Chukua mradi mdogo wa kugeuza tarakimu kuwa maneno ya Kiswahili:

[project]
name = "namba-kwa-maneno"
version = "0.3.0"
requires-python = ">=3.9"

[project.urls]
Homepage = "https://example.org"
dependencies = ["click>=8"]

Umeona? Kwa jicho la binadamu, dependencies ni ya mradi. Kwa TOML, kila kinachofuata baada ya [project.urls] ni mali ya urls mpaka jedwali jingine lianze. Angalau setuptools itakataa kujenga, ikilalamika kwamba anwani haiwezi kuwa orodha. Na ukali huu naupenda: ukiandika "dependancies" ndani ya [project], ujenzi unasimama palepale. Kwenye setup.py, neno lisilojulikana lilitoa onyo moja katikati ya mistari mia, kifurushi kikajengwa bila vitegemezi, na wewe ukaambiwa na watumiaji.

Ukali nao una gharama, na Machi 2025 tuliiona. Setuptools 78 iliacha kukubali majina yenye kistari cha kawaida au herufi kubwa ndani ya setup.cfg, yaani description-file badala ya description_file. Onyo lilikuwa limetolewa tangu 2021. Lakini pip hujenga kila chanzo kwenye mazingira yaliyotengwa na, kama mradi haukutaja kikomo, huchukua setuptools mpya kuliko zote. Kwa hiyo vifurushi vya zamani ambavyo hakuna aliyevigusa kwa miaka vikagoma kujengwa, na waliolia ni watu wasiowahi kuandika setup.cfg maishani mwao. Watunzaji walirudisha ruhusa ile upesi. Wengi waliwalaumu, mimi nadhani lawama iende kwa mfumo unaoacha onyo lisomwe na mtumiaji wa mwisho ambaye hana la kulifanya. Kama ujenzi wenu unategemea vyanzo vya zamani, wekeni kikomo cha setuptools kupitia kigezo cha mazingira PIP_BUILD_CONSTRAINT (kwenye pip za zamani, PIP_CONSTRAINT), msingoje ajali nyingine.

Mkanganyiko mwingine wa kila wiki: mtu anahamia pyproject.toml, anajenga, anaambiwa kuna vifurushi vingi vya ngazi ya juu. Ameweka folda ya "picha" kando ya folda ya msimbo, na setuptools haitaki kubahatisha ipi ni ipi. Hamishia msimbo kwenye folda ya src, basi, limekwisha.

Pale ambapo setup.py bado ina haki yake ni kwenye viendelezi vya C, yaani sehemu za kifurushi zilizoandikwa kwa lugha ya C, ambako unahitaji kuuliza mashine ina kompaila gani na maktaba zimelala wapi. Hiyo ni hesabu halisi, na kujaribu kuibana ndani ya TOML kunazaa lugha ndogo mbovu ndani ya lugha. Hata hapo, taarifa zote zikae kwenye [project], setup.py ibaki na ext_modules (orodha ya viendelezi hivyo) peke yake. Na kama toleo linatoka kwenye lebo za Git, kifaa cha kutunza historia ya msimbo, andika dynamic = ["version"]. Napenda sana neno hilo kuwepo pale, kwa sababu msomaji anaambiwa wazi ni kipi hasa kitakachokokotolewa na kwamba vingine vyote anaweza kuviamini kama vilivyoandikwa.

Nikikabidhiwa mradi wenye setup.py ya mistari mia tatu, siifuti. Naanza na [build-system] yenye mistari miwili, nahamisha jina na maelezo, kisha vitegemezi, huku nikilinganisha faili la METADATA, lenye taarifa za kifurushi, ndani ya wheel ya kabla na ya baada. Yakifanana, naendelea na fungu linalofuata.