Mashairi ya Kuilaani Simu

Jamani, nimechoka na mashairi ya kuilaani simu. Si kwamba yanasema uongo. Ni kweli watu wawili wanalala kitanda kimoja, kila mmoja kampa mwenzake mgongo, mwanga wa skrini usoni. Hilo ni la kuandikiwa kabisa. Lakini mtunzi wetu hafiki huko! Anakimbilia maumbile: ndege wanaimba, maua yanachanua, upepo unavuma. Ndege gani? Kunguru au chiriku? Na ua gani hilo lisilo na jina wala harufu? Ukisoma tu unajua huyu hajatoka nje; maua kayaona kwenye skrini hiyohiyo anayoitukana.

Na mizani sasa! Mshororo wa tarbia, shairi la mishororo minne kila ubeti, kwa kawaida una mizani (yaani silabi) 16, nafasi tele ya kumwonyesha mtu anayechungulia ujumbe chini ya meza huku mwenzake anamsimulia msiba. Mtunzi wetu anaijaza "ewe simu, ewe simu" mpaka kwenye kibwagizo. Akimaliza, analirusha shairi lake kwenye kundi la mtandaoni usiku wa manane, na baada ya dakika mbili anauliza mbona watu kimya.