Mji Wenye Juu na Chini

Mwaka wa kwanza nilipohamia Dar es Salaam nilipotea mara nyingi, na kwa muda mrefu sikuelewa sababu. Watu walinielekeza vizuri: pita barabara ile, ukifika kituo cha mafuta kata kulia, kisha kushoto ya pili. Nilifuata kila neno na bado nilijikuta mahali nisipopajua. Nilichokosa nilikigundua siku niliporudi Moshi kwa likizo, nikamsikia mama muuza mboga akimwelekeza mgeni: "Panda na barabara hii hadi mnara wa saa, ukiupita umezidi, shuka kidogo." Hakutaja kulia wala kushoto, na yule mgeni alifika.

Moshi ni mji wenye juu na chini. Juu ni mlimani, Kilimanjaro, upande wa kaskazini, na chini ni kule kwenye mashamba ya miwa ya kiwanda cha sukari cha TPC, ambako hata nchi yenyewe inaitwa Arusha Chini. Hospitali ya KCMC iko juu, steshini ya reli iko chini, na mtoto wa miaka sita ambaye hajafundishwa kaskazini ni wapi anakujua juu, kwa sababu maji ya mvua kwenye mtaro yanatoka huko na miguu yake inachoka akielekea huko. Ukikaa ndani ya mji wa namna hiyo miaka ishirini, mwili wako unazoea kuegemea kitu. Ukihama, unakuta hakipo.

Nasema hivi kwa sababu wengi wanaosema wanaikumbuka Moshi wanaikumbuka migomba. Mtu wa Machame, Kibosho, Uru, Marangu au Rombo, huko mlimani, akiwa Dar es Salaam husema "nakwenda Moshi" mwezi wa Desemba, na anachokusudia ni kihamba cha baba yake, yaani shamba la ukoo lenye migomba, mbege ya ndizi, nyama ya sikukuu na ndugu waliokusanyika. Mjini anapita tu, ananunua mahitaji na kupanda. Siwalaumu, maana kihamba ni kihamba na makaburi ya wazee wao yako huko. Lakini mji nao una watoto wake, na mimi ni mmoja wao. Baba yangu alitoka Upareni kutafuta kazi, akapanga chumba mtaa wa Njoro, na huko ndiko tulikozaliwa sote. Sina kihamba cha kurudia. Ninachokikumbuka ni mji wenyewe.

Hata jina la mji limeshuka kutoka juu. Moshi ya mwanzo ndiyo ile tunayoiita Old Moshi, kwenye miteremko ya mlima, alikotawala Mangi Meli, chifu wa Wachaga, ambaye Wajerumani walimnyonga mwaka 1900. Reli kutoka Tanga ilipofika mwaka 1911 ilikomea chini, kwenye uwanda ambako treni ingeweza kufika, na mji mpya ukaota kuizunguka steshini, ukachukua jina la kule juu. Baadaye kahawa ilifuata njia hiyohiyo: ililimwa juu na wakulima ambao mwaka 1933 waliunda chama chao kikuu cha ushirika, KNCU, ikashuka mjini kukobolewa na kupigwa mnada. Nadhani ndiyo maana watu wa mjini hatukuwahi kujiona tumetengana na mlima. Kila kilichotuweka pale kilitoka juu.

Ndizi nazo zilishuka. Asubuhi akina mama walifika soko la Mbuyuni na mikungu, na mama yangu, Mpare ambaye hakuzaliwa kwenye migomba, alijifunza kupika mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, kwa jirani yake Mchaga wakiwa kwenye foleni ya maji bombani. Aliupika kila Jumamosi. Alichagua ndizi mshare mbichi, akipitisha ukucha kwenye ganda ili aone utomvu unavyotoka. Ukitoka mweupe na kwa wingi, alilipa. Nyumbani alijipaka mafuta ya kupikia viganjani kabla ya kumenya, kwa sababu utomvu ukishakauka hugeuka mweusi na hautoki kwa sabuni, kisha kila ndizi iliyomenywa aliitumbukiza kwenye maji yenye chumvi isigeuke rangi. Nyama yenye mifupa ilikwisha kuchemka tangu alfajiri. Ndizi zilipoiva humo alitoa mifupa, akapekecha hadi uji ukawa mzito, akamalizia na kijiko cha siagi, nasi tulisubiri na bakuli zetu barazani.

Nimejaribu kuupika Dar es Salaam mara nyingi. Ndizi zinapatikana, tena nyingi, lakini zimelala usiku kucha kwenye lori na kushinda juani, na ndizi iliyokwisha kuanza kupata utamu haiwezi kuwa mtori. Inakuwa uji wa ndizi wenye nyama. Nimemweleza muuzaji wangu jambo hilo mara kadhaa, naye hunijibu kwa upole kwamba ndizi ni ndizi.

Usafi wa Moshi umesemwa sana, na mji umesifiwa kwa ajili yake kwa miaka mingi, kwa hiyo sitakaa hapo. Nitasema tu kwamba mimi sikuufundishwa na faini. Nikiwa na miaka minane hivi nilitupa ganda la muwa barabarani, na mzee nisiyemfahamu aliyekuwa amekaa nje ya duka la cherehani akaniambia, "Baba, umeangusha kitu chako." Nililiokota nikaenda nalo hadi nyumbani. Ninaukosa mji ambao mzee asiyekujua ana haki ya kukuambia hivyo, na wewe unaona aibu.

Lakini kinachonirudisha Moshi kila siku, hata nikiwa kwenye daladala la Mbagala, ni mlima wenyewe. Mama alipofungua mlango alfajiri hakutazama kwanza uani, alitazama juu, kisha akatutangazia: umefunguka, au umejifunika. Kwa kawaida hufunguka mapema, kilele cha Kibo kikiwa cheupe na Mawenzi kulia kwake akiwa mweusi na kuchongoka, na ifikapo saa nne mawingu yamekwisha kupanda na kuufunga. Jioni huweza kuonekana tena kwa dakika chache. Mwezi wa Juni na Julai wingu linaweza kukaa siku nzima, manyunyu yakadondoka, na watoto wakaenda shule na masweta. Nguo za kuanikwa, safari na hata hali ya moyo wa mama vilitegemea habari ile ya mlangoni. Watalii hutoka mbali kuja kuupanda hadi mita 5,895, na ni haki yao. Mimi sijawahi kuupanda, wala sioni kama nimepungukiwa. Kwangu mlima ni kitu cha kukitazama ukiwa umeshika mswaki.

Sebuleni kwetu kuna picha ambayo baba alipigwa barabarani miaka ya themanini, na nyuma yake Kibo kimefunikwa na weupe unaoshuka mbali mabegani. Nikisimama mahali palepale leo, weupe huo ni vipande. Zaidi ya asilimia 80 ya eneo la barafu lililokuwapo mwaka 1912 limekwisha kutoweka. Nilipokuwa nikiishi pale sikuuona upungufu huo, kwa kuwa nilitazama kila asubuhi. Sasa ninayerudi mara moja kwa mwaka ndiye ninayeuona, na kila mara naumia.

Desemba iliyopita basi letu lilifika jioni. Wa Marangu na Rombo walikwisha kushukia Himo, na pale stendi wa Kibosho, Uru na Machame walikuwa wakigombea magari ya kupanda, wamebeba mabegi, maboksi na watoto waliolala. Kondakta mmoja alinishika mkono akaniuliza ninapanda wapi. Nikamwambia sipandi, nashuka. Akaniachia. Nikatazama juu, mlima ulikuwa umefunguka, nikabeba begi langu nikashuka kwa miguu hadi Njoro.