Kabla ya Kuutupa Mlingoti Uliopasuka

Mwenye mashua akiuona ufa mrefu kwenye mlingoti wa mbao, mara nyingi huingiwa na hofu akataka kuagiza mpya siku hiyohiyo, lakini akikuta kijistari chembamba kilichokatiza upana wa mbao hukipiga msasa, akapaka vanishi na kutweka tanga. Naamini hapo ndipo tunapokosea. Ufa unaofuata nyuzi za mbao aghalabu hutokana na mbao kukauka na kusinyaa, ilhali kile kijistari kinachokatiza nyuzi ni dalili kwamba zimebanwa hadi zikapondeka, na mlingoti wa namna hiyo unaweza kukatika bila kutoa onyo jingine.

Niliwahi kukagua mlingoti uliokuwa uking'aa kwa vanishi, usio na ila yoyote machoni. Nilipofungua skrubu za bamba linaloshikilia nyaya, nikagusa kwa ncha ya kisu, kisu kikazama chenyewe na kutoka na unga wa kahawia uliolowa. Maji ya mvua, ambayo huozesha mbao upesi kuliko maji ya chumvi, yalikuwa yamepenya kwenye matundu ya skrubu. Tangu siku hiyo sikubali uamuzi wowote kabla mlingoti haujalazwa chini, vyuma vyote vikafunguliwa, na kitako chake kikachunguzwa, maana huko ndiko maji hutuama.

Ikiwa palipooza ni pafupi, mimi ni wa kukarabati. Fundi hukata hadi afikie mbao nzima, kisha huunga kipande kipya cha mbao ya aina ileile kwa mshazari wenye urefu wa mara 8 hadi 12 ya unene wa mbao, akakigandisha kwa gundi ya epoksi. Fundi anayetaka kufupisha mshazari huo ili aokoe mbao asikubaliwe hata kidogo, kwa sababu nguvu yote ya kiungo imo katika urefu wake.

Kwa mlingoti wa bomba la alumini nina msimamo mkali zaidi. Bomba lililokunjika halirudishiwi nguvu kwa kunyooshwa, na kulichomelea hulainisha alumini pale palipopata moto, kwa hiyo kiungo cha kuaminika ni kile chenye bomba jingine ndani, lililofungwa kwa ribiti. Chuma cha pua kinapogusana na alumini penye maji ya chumvi, alumini huliwa. Vidoa vichache vya unga mweupe husafishwa, lakini ukuta wa bomba ukishakuwa mwembamba, mlingoti ubadilishwe.

Hata hivyo, kubadilisha nako kuna hatari ambayo wengi hawaifikirii: mlingoti mzito kuliko wa awali huongeza uzito juu, na mashua huinamia upande na kuchelewa kuinuka. Anayeagiza mpya aupime wa zamani urefu, unene na uzito ungali mzima, kabla fundi hajaukata vipande.