Faini ya Sh3,000 kwa mbwa aliyeteswa: adhabu iongezwe, lakini imwangukie nani?

Sheria ya Kenya ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360, inasema anayempiga au kumtesa mnyama kikatili anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh3,000, kufungwa muda usiozidi miezi 6, au kupewa adhabu zote mbili. Ni sheria ya mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa upande mwingine, kifungu cha 278 cha Kanuni za Adhabu kinamwekea mwizi wa mbuzi kifungo cha hadi miaka 14. Mbuzi analindwa kwa sababu ni mali ya mtu. Maumivu ya mnyama mwenyewe yana uzito mdogo sana mbele ya hakimu.

Ndiyo maana watetezi wa wanyama wanadai adhabu kali zaidi, hasa kwa wanaowatesa mbwa na paka wa nyumbani. Niko upande wao, ingawa si kwa kila wanachodai, na wapinzani wao wana hoja ambazo bado hazijajibiwa ipasavyo.

Hoja ya watetezi iliyo nzito kuliko zote inahusu kituo cha polisi. Fikiria paka aliyemwagiwa maji moto nyuma ya hoteli kwa sababu alinyemelea samaki. Siku ya pili manyoya yanatoka pamoja na ngozi, mgongo unabaki nyama nyekundu, na nzi wanaanza kutua. Mama wa jirani anamtia kwenye katoni na kumpeleka kituoni. Askari wa zamu amefungua OB, kitabu cha kuandikia matukio: kuna wizi wa kimabavu, kuna ajali ya bodaboda, kuna binti aliyepotea tangu juzi. Anamtazama paka, kisha anauliza, “Mama, kweli hata hii tuandike?” Askari huyu hana roho mbaya. Anajua kwamba kesi ikifika mahakamani na mashahidi wakaacha kazi zao kuja kusubiri kwenye korido, mshtakiwa anaweza kulipa Sh3,000 na kurudi kwake siku hiyohiyo. Faini ndogo namna hiyo inawaelekeza polisi na viongozi wa mashtaka wasijisumbue, na wao wameelewa.

Kuna pia suala la usalama wa watu. Mwanamume anayetaka mkewe na watoto wamwogope mara nyingi huanza na mbwa wa watoto: anampiga teke mbele yao, anatishia kumchinja, na kila mtu nyumbani anajua kipigo kinachofuata kitamwangukia nani. Nchini Marekani, shirika la upelelezi la FBI lilianza mwaka 2016 kukusanya takwimu za ukatili dhidi ya wanyama kama kosa linalojitegemea, kwa sababu wachunguzi walikuwa wameona uhusiano wake na ukatili dhidi ya binadamu. Polisi wetu wakiandikisha kisa cha mbwa aliyevunjwa mguu, huenda wakamfikia mtoto kabla hajavunjwa mkono.

England na Wales walipita njia hiihii. Hadi mwaka 2021 kifungo cha juu kabisa kwa ukatili kilikuwa miezi 6. Mahakimu walibanwa, kwa kuwa mshtakiwa akikiri kosa mapema hupunguziwa theluthi moja, hivyo hata aliyemtesa mnyama hadi kufa aliweza kutoka na miezi 4. Tangu tarehe 29 Juni 2021 kiwango cha juu ni miaka 5.

Wapinzani nao wanauliza swali la haki: nani atafungwa? Tazama mbwa wa ulinzi katika mitaa yetu yenye kuta ndefu. Wengi hufungiwa mchana kutwa katika kibanda cha mabati na waya, jua likiwachoma, wafunguliwe usiku tu. Masikio yana vidonda pembeni kwa sababu nzi huyala kidogokidogo, kucha zimerefuka hadi zinapinda, bakuli la maji ni kavu. Mwenye nyumba yuko kazini au yuko ng'ambo. Aliye pale ni mlinzi au kijana wa shamba, asiyepewa pesa za chakula cha mbwa wala za daktari. Siku polisi watakapokuja, pingu zitamwangukia yeye. Ukiongeza kifungo bila kugusa wajibu wa mwenye mali, umeongeza mateso ya maskini na mbwa amebaki palepale.

Wanauliza pia kama serikali yenyewe ina mikono safi. Kwa miaka mingi njia ya kupambana na kichaa cha mbwa katika nchi nyingi za Afrika, Kenya ikiwemo, imekuwa kuwaua mbwa wanaozurura kwa risasi au kwa nyama yenye sumu ya striknini, ambayo humuua mnyama kwa degedege huku akiwa na fahamu zake. Shirika la Afya Duniani limeeleza mara nyingi kwamba mauaji hayo hayaumalizi ugonjwa. Kinachoukata ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo. Raia aliyemlisha mbwa wa jirani sumu atamuuliza hakimu tofauti yake na maofisa wa umma, na sidhani hakimu atakuwa na jibu la kuridhisha.

Hoja moja ya wapinzani siikubali: kwamba kumhurumia mbwa ni mambo ya Wazungu. Pale Pwani kila mtoto aliyepita chuoni, yaani madrasa, amesikia hadithi ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia bila chakula, na ya mtu aliyeteremka kisimani kumtekea maji mbwa mwenye kiu akasamehewa dhambi zake. Anayeona najisi katika mate ya mbwa haruhusiwi kwa hilo kumrushia jiwe.

Kuhusu kama adhabu kali hufanya kazi, hatuna haja ya kwenda mbali. Tumeshajaribu kwa wanyamapori. Sheria ya mwaka 2013 iliweka, kwa makosa dhidi ya wanyama walio hatarini kutoweka, faini isiyopungua Sh20 milioni au kifungo cha maisha. Ujangili wa tembo ulipungua sana katika miaka iliyofuata. Lakini adhabu haikufanya kazi peke yake. Viongozi wa mashtaka walipewa mafunzo ya kesi hizo, KWS, shirika la serikali la wanyamapori, ilifungua maabara ya kuchunguza vielelezo mwaka 2015, na China ilifunga soko lake halali la pembe za ndovu mwishoni mwa 2017. Ukali ule pia ulikuwa na gharama. Aliyekutwa na kipande cha pembe alikabiliwa na faini ambayo asingeifikia hata akiuza shamba la babake, na baadaye kifungu hicho kilirekebishwa.

Kwa mbwa na paka, kile kilichoandamana na adhabu kali za wanyamapori bado hakipo. Fomu ya P3, ambayo daktari huijazia polisi kuhusu majeraha, ni ya binadamu aliyejeruhiwa. Mnyama mwenyewe ndiye kielelezo, naye anahitaji banda, chakula na matibabu kwa miezi yote ambayo kesi inaahirishwa. Leo mzigo huo unabebwa na mashirika ya kutetea wanyama kama KSPCA kwa pesa za wafadhili. Na tusisingizie kukosekana kwa mwenye jukumu: Jadwali la Nne la Katiba ya 2010 limekabidhi serikali za kaunti udhibiti na ustawi wa wanyama, leseni za mbwa, na mahali pa kuwahifadhi.

Kwa hiyo ningegawa makosa mara mbili. Anayemtesa mnyama kwa makusudi, kwa moto, panga au sumu, astahili kifungo cha miaka, na mswada wenye kifungu hicho ningeuunga mkono hata kesho. Anayemwacha mnyama na njaa au kidonda ahukumiwe kwa njia nyingine: mahakama impokonye mnyama, impige marufuku kufuga kwa miaka kadhaa kama sheria ya England ya 2006 inavyoruhusu, na faini ipimwe kwa mapato ya mwenye mnyama, siyo ya mfanyakazi wake. Kampuni ya ulinzi ikikutwa na mbwa walio hoi, wakurugenzi ndio waitwe kizimbani. Mswada unaopandisha kifungo kwa wote bila mgawanyo huo ningeupinga, hata ukiletwa na watu wanaowapenda wanyama kama ninavyowapenda mimi.