Sitaki kupungua, nataka nguvu

Jamani, hivi gym za siku hizi zina dawa mbili tu? Juzi nimeenda kujiandikisha moja hapa mtaani, Dar, kocha kaniangalia juu mpaka chini, akauliza, "Dada, tunakata tumbo au tunaongeza hipsi?" Nikamwambia sikati wala siongezi, nataka nguvu. Akacheka. Eti "mbona we uko poa, kapumzike tu." Na hela nilikuwa nimeshaishika mkononi!

Nyumbani ndo usiseme, wakikuona na raba tu shangazi keshaanza, "Mwanangu unataka ubaki mifupa, watu waseme unaumwa?"

Nani alituambia mazoezi ni adhabu ya wanene? Mimi nakaa ghorofa ya 3, lifti hamna, maji yakikatika (na yanakatika) ndoo ya lita 20 ni kilo 20, haikuonei huruma eti kwa sababu una umbo zuri. Nikifika ghorofa ya 2 naitua, nahema kama nimefukuzwa na mbwa, vidole vimechorwa mstari mwekundu na ule mkono wa ndoo, halafu dada wa jirani, huyo huyo mnayempangia dayati kila siku, ananipita na yake kichwani huku anaongea na simu. Haya niambieni, nani yuko fiti hapo?

Mizani inapima uzito, basi. Haijui una msuli au huna, na msuli ukishavuka miaka 30 unaanza kuisha taratibu kama huutumii, nguo zinakukaa vile vile wala hushtuki, mpaka siku unachuchumaa halafu kuinuka unatafuta ukuta. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na ya kuimarisha misuli angalau siku 2. Mtu mzima. Hawakuandika mtu mzima mnene.

Hiyo BMI mnayonionyesha, ya kupima uzito wako kwa urefu wako, eti ukiwa 18.5 mpaka 24.9 ndo uko sawa, hesabu yake aliianzisha Quetelet, mtu wa takwimu wa Ubelgiji karne ya 19, wala hakuwa daktari. Mamdogo wangu mwembamba tangu namjua, presha ilipomkamata ukoo mzima ukabaki "lakini mbona hana mwili?"

Sawa, wapo wanaopitiliza. Mtu yuko vizuri kabisa ila anapanda mizani asubuhi na jioni, anashindia matango, huyo msimpigie makofi, mpelekeni akaongee na mtu.

Ila mimi ubwabwa nakula. Ninachotaka ni pushapu 10 za kweli, sio za magoti, na ndoo yangu ifike juu bila kituo. Mwenye ratiba ya wanaoanzia sifuri anitumie, na ukiniandikia "utakonda" nakubloku.