Kwani Huyu Si Alikufa?

Katika nyumba yetu kazi zimegawanywa kwa haki: mke wangu anajua mahali kila kitu kilipowekwa, na mimi najua kila kitu kuhusu Star Wars, zile filamu za vita vya angani. Mgawanyo huo ulidumu kwa amani hadi Desemba 2019, ilipotoka The Rise of Skywalker, filamu ya tisa na ya mwisho ya hadithi ya ukoo wa Skywalker, nami nikarudi nyumbani usiku huo nikiwa mtu asiye na kazi.

Si kwamba sikujiandaa. Ili mke wangu asije akaniaibisha ukumbini kwa maswali, nilimketisha mbele ya televisheni jioni nane mfululizo, filamu moja kila jioni, na jioni ya kwanza tu tukakwama. Alitaka kujua kwa nini filamu ya mwaka 1977 inaitwa sehemu ya nne, na kwa nini sehemu ya kwanza ilisubiri hadi mwaka 1999, ilhali hata mtoto wa chekechea anajua kwamba moja hutangulia nne. Nilimjibu. Jioni ya pili alitaka kujua ni vipi milipuko inasikika huko angani kusikokuwa na hewa ya kubeba sauti, nikamjibu pia, ingawa kwa sauti iliyopanda kidogo. Kisha mwanetu anayesoma fizikia akaingilia kwamba nahodha Han Solo alijisifia kasi ya chombo chake kwa kutumia parseki, ambayo ni kipimo cha umbali, takriban miaka ya nuru 3.26, wala si kipimo cha muda. Hapo nilitabasamu, kwa sababu jibu la swali hilo nimelitunza tangu ujana wangu kama mtu atunzavyo hati ya kiwanja: nahodha shupavu hupita njia ya mkato ambayo waoga huizunguka, kwa hiyo jinsi umbali unavyopungua ndivyo sifa yake inavyoongezeka. Mtoto alinyamaza. Nililala usingizi mzuri sana siku hiyo.

Basi tukaingia ukumbini, taa zikazimwa, muziki wa John Williams ukapasuka, na yale maandishi ya manjano yakaanza kupanda taratibu kuelekea kwenye nyota. Nywele zilinisimama. Maneno ya kwanza kabisa yalisema kwamba wafu wanazungumza, na maneno yaliyofuata yakatangaza kuwa sauti ya marehemu Kaizari Palpatine, yule mtawala mwovu, imesikika ikitishia kulipiza kisasi.

Nilihisi kiwiko ubavuni.

“Mume wangu, kwani huyu si alikufa?”

Swali lilikuwa la haki. Siku chache tu zilizopita alikuwa amemwona mzee huyo kwa macho yake mwenyewe, katika filamu ya mwaka 1983, akiinuliwa na Darth Vader, mtumishi wake mwenyewe, juu juu kama gunia, akitupwa katika shimo lisilo na mwisho, akilipuka humo chini kwa mwanga wa buluu, na muda mfupi baadaye kituo kizima kilichokuwa na shimo hilo nacho kikalipuka. Kifo cha namna hiyo hakihitaji cheti cha daktari. Nilimnong’oneza asubiri kidogo, kwa sababu filamu itaeleza. Tukasubiri, na maelezo yalipokuja, rubani Poe Dameron aliwatangazia wenzake kwamba Palpatine amerudi kwa namna fulani. Kwa namna fulani! Mimi nimetumia nusu ya maisha yangu kutetea parseki, halafu mtu anafufuka kutoka katika majivu ya majivu na ninapewa “kwa namna fulani”. Mmoja wao alidokeza habari za sayansi ya giza na siri za Masith, lile kundi la waovu la Palpatine, kisha wakaendelea na mkutano wao kama watu waliomaliza ajenda ya kwanza.

Bwana mmoja aliyeketi mbele yetu, aliyevaa kama Jedi, yaani shujaa wa hadithi hii, joho kamili lenye kofia, aligeuka na kutukodolea macho ili tunyamaze. Tulinyamaza hadi ilipofichuliwa kwamba Rey, shujaa mkuu wa filamu hii, binti tuliyeambiwa katika filamu iliyotangulia kuwa wazazi wake hawakuwa watu wa maana yoyote, ni mjukuu wa Palpatine.

“Mjukuu?” mke wangu alinong’ona. “Alioa lini?”

Nilifungua kinywa na hakikutoka kitu. Yule bwana wa joho hakugeuka kutukemea safari hii. Aliegemea nyuma taratibu, akasogeza kofia kidogo sikioni, na nikaelewa kwamba naye anasubiri jibu langu.

Kuanzia hapo nilipoteza hesabu ya misiba. Chewbacca, rafiki wa Han Solo mwenye manyoya mwili mzima, alilipuka pamoja na chombo alichopakiwa, nikashika kifua, na kabla sijapata nafasi ya kuomboleza nikaonyeshwa kwamba alikuwa katika chombo kingine. Roboti C-3PO alikubali kufutiwa kumbukumbu zake zote, akawaaga rafiki zake kwa maneno ambayo yangemliza hata jiwe, na baadaye roboti mwenzake R2-D2 akamrudishia kumbukumbu zile zile kana kwamba ni miwani aliyosahau mezani. Kylo Ren, adui wa Rey, alichomwa upanga wa mwanga tumboni, kisha Rey aliyemchoma akamponya. Rey alikufa, Kylo Ren akamfufua, wakabusiana, na hapo ndipo Kylo Ren akafa yeye. Mke wangu alikuwa tayari amenitolea leso, lakini aliishikilia kwanza. “Hebu tumpe dakika tano,” alisema.

Kuhusu wale farasi wenye manyoya waliopanda kupigana juu ya paa la manowari ya angani sitasema neno. Vivyo hivyo kuhusu kisu cha kale ambacho makali yake yalilingana barabara na mabaki ya Nyota ya Mauti, kituo kile kilicholipuka, yaliyo baharini, ilimradi usimame pale pale alipotaka mhunzi, na ilimradi mawimbi makubwa kama milima yasiwe yamekisogeza hata kipande kimoja.

Hata hivyo leso niliitumia. Filamu ilipokaribia kwisha, Chewbacca alikabidhiwa nishani. Asiyeifuata hadithi hii atashangaa mtu mzima kulizwa na kipande cha chuma mkononi mwa kiumbe mwenye manyoya, lakini mwaka 1977 Binti Mfalme Leia aliwavisha nishani Luke na Han mbele ya jeshi zima, na Chewbacca, aliyekuwa vitani pamoja nao, akabaki akinguruma pembeni. Sisi mashabiki tulimdai nishani yake kwa miaka 42. Peter Mayhew, aliyeivaa ngozi ile katika filamu za mwanzo, alifariki Aprili 2019, miezi michache tu kabla ya deni hilo kulipwa. Carrie Fisher, aliyeigiza kama Leia, naye alikuwa amefariki tangu Desemba 2016, hivyo Leia tuliyemwona ameunganishwa kutokana na picha zilizobaki za filamu za awali, na wakati mwingine wenzake wanaongea marefu naye anajibu maneno mawili. Mke wangu aliona. Hapo hakuuliza kitu. Alinisogezea leso tu.

Nilidhani basi nimesamehewa. Tulifika nyumbani, tukazima taa, usingizi ulikuwa umeanza kunichukua niliposikia sauti yake gizani.

“Lakini yule kijana Finn, walipokuwa wanazama kwenye mchanga, alimwambia Rey kuna jambo hajawahi kumwambia. Alitaka kumwambia nini?”

Nilivuta kumbukumbu. Rey alikuja kumuuliza baadaye, Finn akamwambia watazungumza siku nyingine, na siku hiyo nyingine nilikaa dakika zote 142 bila kuiona. Nilikoroma kwa makusudi.

“Najua hujalala,” alisema.

Niliendelea kukoroma.