Aliyevunja sheria ni bahari, X nimepigwa mimi

Leo asubuhi nimekuta X nyekundu kwenye banda langu hapa ufukweni Bagamoyo. Mnaijua ile X ya kubomolewa. Rangi yenyewe mbichi, imechuruzika mpaka kwenye neno PWEZA nililomlipa fundi aniandikie kwa mwandiko mzuri. Sasa mpita njia anasoma, anadhani anayebomolewa ni pweza.

Mimi si mtu wa kubishana na serikali. Ushuru nalipa. Luku ikikata pweza yuko nusu mbichi, nanyamaza. Bodaboda akinirudishia chenji ya noti iliyobandikwa selotepu pande zote, nanyamaza, kesho nampa konda. Lakini X, jamani?

Kosa langu eti niko ndani ya mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, hicho nakijua kuliko namba yangu ya NIDA: hakuna shughuli ya kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Sheria nzuri, sina neno nayo. Ila nilipojenga hapa, mbele yangu palikuwa na minazi, na mbele ya minazi vijana wakicheza mpira, na kipa wa goli la baharini alikuwa anarudi nyumbani mkavu. Leo minazi imelala kifudifudi, goli liko majini, na mimi sijasogea hata hatua. Sasa nani kamfuata mwenzake?

Juzi kamati ilikuja kupima. Mwenyekiti wa mtaa mbele, bwana afisa na kofia yake ya jua, binti wa mafunzo kwa vitendo na daftari, wajumbe wa mazingira ambao kila mmoja ana shemeji mwenye kiwanja cha ufukweni, na mzee nahodha wa kikundi cha ulinzi wa pwani. Huyu mzee aliitwa kwa kuwa ndiye pekee anayeijua bahari, akawekwa nyuma kwa sababu hiyohiyo.

Futi waliyokuja nayo ni ya seremala, mita 5. Hesabuni wenyewe: vituo 12, kila kituo kijiti, na kila kijiti kikichomekwa kuna mtoto nyuma anaking'oa.

Bwana afisa akauliza, "Tunaanzia wapi?"

"Baharini," mwenyekiti akajibu, kwa sauti ya mtu aliyemaliza kazi.

Mzee nahodha akakohoa. "Bahari ipi, mwanangu?"

"Hii hapa, mzee wangu. Shikamoo."

"Marahaba. Hii inajaa. Saa nne haitakuwa hii. Na haya ni maji mafu tu, madogo. Subiri mwezi uandame, bamvua lije, maji makubwa yenyewe, utampimia huyu juu ya karai."

Hapo ndipo kikao kilipoanza. Mjumbe mmoja akasema tuanzie kwenye majani yaliyotupwa na maji. Mwingine akasema hayo majani ni ya jana, ya leo bado. Binti akasema kwa adabu kwamba chuoni walifundishwa kuanzia maji yanapofika yakijaa kabisa. Akaambiwa andika tu. Bwana afisa akapiga simu wilayani, mtandao ukakata, akapanda kwenye mzizi wa mnazi, ukakata tena. Kipimo cha kwanza walinikuta mita 52. Walipokubaliana wanaanzia wapi, vijiti vya mwanzo vilishazama, wakarudia, nikawa na mita 41. Nimesimama palepale na kijiko changu, mita 11 zimeliwa na mabishano ya watu wazima!

Bwana afisa alikuwa amevua viatu, akaviacha kwenye kijiti namba moja. Kimoja kikaondoka. Mzee nahodha akaingia majini taratibu, kanzu mkononi, akakirudisha kinachuruzika. "Binti," akasema, "andika na kiatu nacho. Kilikuwa ndani ya mita 60."

Sikucheka. Ukicheka mbele ya kamati, unaongezewa kosa.

Kosa likaongezwa hivyo hivyo. Wakaviona viroba vyangu, vile vya unga, nimevijaza mchanga nikavipanga mbele ya banda nipate pa kuegemeza jiko. Kumbe ule ni mradi wa kudhibiti mmomonyoko! Unataka Tathmini ya Athari kwa Mazingira. Viroba! Natakiwa nitafute mtaalamu aliyesajiliwa aje achunguze athari za viroba vya sembe.

Na hapo pembeni yangu kuna ukuta wa zege unaoingia mpaka majini, una kamera, una mbwa. Huo haukupimwa, maana mlinzi alisema bosi yuko Dar. Basi nisikilizeni mimi nisiyesajiliwa: ukuta haulimezi wimbi, unalirudisha. Likirudi linachimba mchanga pale chini, na ukuta unapoishia linakata kona kumtafuta aliye jirani. Jirani kajengewa ukuta, mimi nimejengewa wimbi.

Wakashauri mikoko. Tulishapanda, tukapewa na fulana. Mkoko unataka tope na maji yaliyotulia, kama kule Ruvu inapoingia baharini, si mchanga huu unaopigwa na upepo wa kusi. Miche ilivumilia mpaka wapiga picha walipopanda gari.

Ajabu yenyewe, hapo Kaole tu, kwenye magofu, watu walijenga msikiti wa mawe karne ya 13, wakawa na bandari yao, na bahari ikawakimbia ikawaachia mikoko. Wenye mawe inawakimbia, mwenye mabati inamfuata. Na Mjerumani mwaka 1891 alihamishia makao yake Dar es Salaam, akisema maji ya Bagamoyo ni mafupi, meli hazifiki. Meli hazifiki, kwangu yamefika!

Mama watoto anasema tuhamie barabarani. Barabarani nako kuna hifadhi ya barabara, mita 30 kila upande, na X zao zina rangi ileile, nadhani wananunua ndoo moja. Ukitoa 60 za bahari, ukatoa 30 za barabara, ukatoa na chini ya nyaya za umeme, katikati yanabaki makaburi.

Shemeji yangu wa Mlingotini ndiye kasema niende kwake, ana nafasi. Huyu shemeji! Nilimwazima jiko tangu Ramadhani, kalirudisha juzi halina mguu mmoja, namuuliza ananiambia lilikuja hivyo. Jiko la miguu mitatu linakujaje na miwili? Lilisimamaje kwake mwezi mzima? Ananiambia alikuwa anaegemeza kwenye tofali. Basi niletee na tofali!